Nyuzi Zilizozikwa Langoni

Alhamisi, 6 Aprili 2023

Ma-sa, mama wa nyumba kubwa, amekuja kwetu. Kwa miguu!

Ilikuwa asubuhi, mimi niko jikoni napepeta uwele, Roshni wangu anafua. Mbwa wakabweka. Kuchungulia — mwanamke mzee anapanda mchanga peke yake, mtandio wa kahawia wa ujane umemshuka mpaka kidevuni. Uso sikuuona, ila mwendo ule naujua. Mjane wa mwinyi wetu, Thakur Mool Singh! Nyumba ile sisi ndio waimbaji wake kwa vizazi kumi na kimoja — au tuseme tulikuwa. Wanawake wao hawatoki langoni ila kwa gari lenye mapazia. Leo huyu katoka na kandambili zimejaa mchanga, mpaka mtaa wetu sisi Wamanganiyar.

Baba mkwe alikuwa barazani. Hakuinuka. Miaka ishirini na miwili hawajatiana machoni. Mimi nikajifunika uso, nikatandika shuka safi juu ya kitanda cha kamba, nikaleta maji — hapo ndipo nikakumbuka. Watu wa nyumba ile hawanywi maji ya kwetu. Nikasimama na bilauri, nimeduwaa. Yeye akanyoosha mkono, akanywa yote.

Akasema kwa ufupi. Mjukuu wake Nakhat anaolewa siku ya Akha Teej, sikukuu yao, zimebaki siku kumi na sita. Watu wa bwana harusi hawakutaka gari wala dhahabu. Wameuliza neno moja tu: mlangoni, nani atawataja mababu wa bibi harusi? Maana nyumba isiyo na mwimbaji wake haina majina, na wao hawaoi kwa watu wasio na majina. Wakifika wakakuta kimya, msafara utageuza.

"Nimekuja kuomba," akasema. Neno hilo, kutoka kinywa kile!

Baba akatazama mchanga. "Hukam, bibi mkubwa, kilichozikwa langoni kwako unakijua."

"Nakijua."

"Basi mimi si wa kukifukua."

"Nitafukua mimi," akasema Ma-sa. Akainuka, akaenda zake.

Nami nikabaki na bilauri tupu. Kuna neno nimetaka kumwambia mama yule miaka yote hii, na leo tena nimeshindwa. Ahsante. Uzazi wangu wa kwanza damu ilikataa kukatika, jeep ya nyumba ile ndiyo iliyonifikisha hospitali, na Ma-sa mwenyewe alinishika kichwa njia nzima. Halafu ugomvi ukaja, lango lile tukaacha kulikanyaga. Miaka ishirini na mitatu niko hai, na sijamshukuru.

Ijumaa, 7 Aprili

Roshni kaniuliza: Mama, kwani babu alizika nini? Ana miaka kumi na saba na hajawahi kusimuliwa. Kwetu jambo hilo halitajwi. Nimemweleza tukikanda unga.

Ilikuwa harusi ya Durjan, mwana wa Ma-sa, baba yake huyu Nakhat. Mwaka ule Thakur Mool Singh alipenda mambo ya mjini. Akaleta bendi ya tarumbeta kutoka Jodhpur, watu wamevaa kofia za manyoya, na jenereta la kuwasha taa za rangi. Baba yetu akawekwa nyuma ya jenereta. Nyuma ya jenereta! Moshi na kelele. Zamu yake ilipofika akasimama na kamaicha, zeze letu la tumbo la duara, akaanza kutaja mababu. Yuko kwenye babu wa tisa, Thakur akamwambia mbele ya wageni wote: "Fupisha, fupisha. Bendi inasubiri."

Mababu wafupishwe! Roshni kafunika mdomo. Hata yeye mtoto wa simu anajua uzito wa neno hilo.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Thakur aliacha. Na mwimbaji hana upanga, ila talaka anayo: akizika nyuzi langoni, ameiacha nyumba. Baba akavua kilemba. Akafungua nyuzi tatu nene za zeze lake, za utumbo wa mbuzi, alizorithi kwa baba yake. Akachana kipande cha kilemba, akazifunga humo, akachimba pale pale langoni kwa mikono na kuzizika. Akarudi nyumbani kichwa wazi. Tangu siku ile hakuna mwimbaji hata mmoja, katika nyumba zetu arobaini, aliyevuka lango lile. Nakhat alizaliwa kimya. Thakur mwenyewe alikufa kimya.

"Babu hakujuta?" Roshni kauliza.

Nikamwambia akande unga.

Jumapili, 9 Aprili

Wazee wamekaa. Mkubwa wao ni Mzee Sumar, ndevu kazitia hina, na akishasema yeye hakuna tena wa kusema. Mjukuu wake ndiye mchumba wa Roshni — kijana mpole, Alhamdulillahi! — kwa hiyo mimi hucheka vichekesho vyote vya Mzee Sumar, hata visivyochekesha.

Hukumu ni hii. Ma-sa achimbe kwa mkono wake. Si mtumishi, si mwana, si mashine. Alichozika mwimbaji, au kilichobakia, akitoe na akikabidhi mbele ya wazee. Hapo ndoa ya nyumba mbili inarudi. Siku ni Idi, baada ya sala, maana wanaume wote wanaopiga muziki mahotelini watakuwa nyumbani. Na mwezi ukiandama Ijumaa, Idi yetu na Akha Teej yao zitaangukia siku moja!

Mmoja akauliza: Mzee, miaka ishirini na miwili, utumbo wa mbuzi si umeshaoza?

"Ukioza ni udongo," akasema Mzee Sumar. "Tutapokea udongo. Sheria inataka mkono uchafuke."

Wote wakaitikia. Baba hakuitikia. Nilimwona kupitia ukuta wa fito, kainamisha kichwa anakuna goti. Nikadhani ni furaha.

Baba Roshni kapiga simu kutoka Jaisalmer, hotelini anakowapigia wageni ngoma kila jioni. Kafurahi mpaka kalia. Eti atapiga ngoma kwenye lango lile tena kabla hajafa! Una miaka arobaini na minane, nikamwambia, kufa kumetoka wapi? Akacheka. Nimemkumbuka sana mume wangu.

Jumanne, 11 Aprili

Lango lipo, ardhi haipo! Roshni kapita barabarani, karudi mbio. Kumbe Durjan alimwaga saruji pale miaka sita iliyopita, trekta lipate kupanda vizuri. Saruji unene wa shubiri nzima. Nyuzi ziko chini yake.

Mtaa mzima umecheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mzee Sumar alipoulizwa kasema sheria haikuitaja saruji. Kafikiri kidogo. Kisha: "Wala haikuisamehe."

Durjan kataka kuleta mashine ya kuvunjia. Mama yake kamkatalia. Kaagiza mtaimbo.

Ana miaka sabini na mmoja. Mimi nami nilicheka, kisha nikaona haya.

Ijumaa, 14 Aprili

Ya Rabi. Kwa nini ulinipa masikio?

Mimi na baba mkwe hatusemezani. Ndiyo adabu yetu. Mke wa mwana hujifunika uso, na jina la mkwewe halitamki — hata humu daftarini siliandiki. Akitaka chai humwambia Roshni. Roshni asipokuwepo, humwambia mbuzi. "Kabri, leo maji ya kutawadha yamesahaulika." Nami napeleka. Miaka ishirini na minne! Kabri huyu ni wa tano. Namshukuru Mungu kwa kuumba mbuzi, bila wao mzee angekufa kwa kiu.

Leo Roshni kaenda kwa jirani. Mzee karudi kutoka msikitini, kakaa nje ya zizi. Mimi niko ndani nakamua. Anajua nipo, maziwa yanasikika ndooni.

"Kabri," akasema, "nikwambie kitu. Sikuzizika."

Mkono wangu ukasimama.

"Nilizifungua, naam. Zile za marehemu baba. Vidole vikagoma. Utumbo ule ni wa mbuzi aliyechinjwa katika nyumba ile siku aliyozaliwa Mool Singh. Mimi na yeye tumezaliwa mwaka mmoja. Tumelelewa mchanga mmoja. Nikaona nikizizika hizi nimemzika yeye. Nikang'oa nyaya tatu za chuma, zile nyembamba za chini ya zeze. Moshi mwingi, taa zinazimika na kuwaka, nani angeona? Nikazifunga kwenye kitambaa, nikafukia. Za baba zimo sandukuni. Kila mwaka nazipaka mafuta."

Kabri anatafuna tu.

"Utumbo unaoza, Kabri. Ningesema udongo, wangepokea udongo. Lakini chuma kinangoja."

Akainuka akaenda zake. Mimi nikakaa chini, kwenye samadi, na mtandio wangu wa Ijumaa.

Talaka ya uongo! Mwaka ule wa ukame mkubwa, ndugu yake Mzee Sumar aliukataa uwele wa nyumba ile, watoto wake wakalala njaa, kwa heshima ya nyuzi ambazo hazikuzikwa. Nyumba arobaini! Chuma kikitoka mbele ya wazee, watamvua Baba kilemba, na hakuna atakayeoa kwetu wala kutuoza. Roshni wangu. Mjukuu wa Mzee Sumar mwenyewe!

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa kata ni mimi.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimeunguza mikate miwili. Nimemfokea Roshni bure. Nina hasira na mzee huyu, natamani kumpa chai isiyo na sukari — na kwa kuwa hawezi kuniambia, angeinywa!

Lakini nakumbuka pia. Kila Alhamisi alasiri hupanda kilima cha mchanga peke yake. Miaka yote nilidhani anaangalia mbuzi. Upepo ukigeuka sauti hufika mpaka jikoni, na nilidhani ni dua. Zilikuwa ni dua gani! Ni mababu wa Mool Singh. Mmoja baada ya mwingine, mpaka wa kumi na kenda, hakuna aliyefupishwa. Nyumba imekatazwa kuimbiwa, naye amewatunza wafu wake kila wiki ili wasipotee.

Na mimi bila kujua nimewajifunza. Leo nilipokuwa nikiosha sahani nimewataja wote kumi na kenda, sikukwama. Nilikuja katika nyumba hii sijui hata wimbo wa kubembeleza mtoto. Kila nilicho nacho nimekipata kwa kumsikiliza mzee yule nyuma ya ukuta. Namkasirikiaje mpaka mwisho?

Jumatatu, 17 Aprili

Nimemjibu!

Alikuwa nje ya zizi, mimi ndani, nimempa mgongo.

"Kabri," nikasema, "mwambie mwenye nyumba, njia ya mwongo ni fupi. Aseme kabla hakijafukuliwa. Anayesema mwenyewe huhurumiwa. Anayefumaniwa hahurumiwi."

Nikadhani ameondoka. Kisha:

"Kabri, mwambie anayekamua: nikisema, uchumba wa mjukuu wangu unavunjika. Nikinyamaza, huenda Mungu akakiozesha hata chuma."

"Mwambie, Mungu hana kazi hiyo."

"Mwambie binti akiachwa, aibu haitaingia kwa mzee, itaingia kwa binti."

"Mwambie binti ana akili kuliko wazee wote wa mtaa huu."

"Mwambie," akasema Baba, "maziwa yanamwagika."

Yalikuwa yanamwagika kweli.

Jioni kafuturu kwa tende moja na maji. Mboga ya sangri niliyompikia, ile aipendayo, hakuigusa. Kakaa na sanduku lake magotini, hakulifungua.

Jumatano, 19 Aprili

Nimekwenda. Sikumwambia mtu. Nimechukua mafuta ya haradali niliyochemsha na manjano, nikasimama barabarani, hatua mbili kabla ya lango. Nikikanyaga ndani nimevunja sheria.

Ma-sa yuko pale juani. Kakaa juu ya kigoda, mtandio kautupa nyuma, uso wazi! Mtaimbo mkononi, viganja vimefungwa vitambaa. Durjan kasimama na mwavuli anamfunika mama yake kivuli, macho mekundu. Wanaume wanaopita wanatazama upande wa pili, kwa adabu. Saruji imepasuka upana wa sinia.

"Sugra?" akasema. "Umenenepa."

"Na wewe umekonda, Ma-sa."

"Nimepata kazi."

Nikaweka chupa ya mafuta barabarani, yeye akaja kuichukua. Tukawa uso kwa uso. Nikamwambia. Nimelisema, hatimaye, neno la miaka ishirini na mitatu, na machozi yakaja nalo kabla sijamaliza. Akanitazama hajui.

"Jeep gani?"

"Ile ya uzazi wangu."

"Aa! Ile! Ulinitapikia mtandio wangu wa harusi." Akacheka, meno mawili hayapo. "Haukutakata tena. Nilikata vipande, nikafanyia nepi za Nakhat."

Nikataka kuzama ardhini. Naye akanishika mkono, na vile vitambaa vyake vina damu.

"Usinishukuru, Sugra. Siku ile nilikuwa dirishani. Nilimsikia mume wangu akisema fupisha. Ningeweza kutuma mtu amnong'oneze. Nilikuwa na mjakazi pembeni yangu. Nikafikiri, wageni watasema mke anamtawala. Nikanyamaza." Akaangalia saruji. "Hapa navunja kunyamaza kwangu. Cha Mool Singh ni chake na Mungu wake."

Nikafungua kinywa. Nilitaka kumwambia, wallahi. Ma-sa, chini humo si utumbo, ni chuma. Durjan akakohoa, mwavuli umemlemea. Nikafunga kinywa. Siri si yangu.

Nimerudi nyumbani mwepesi na mzito. Nimeshukuru, nikashukuriwa kwa mafuta tu, na bado moyo umejaa. Mungu ampe nguvu ya mkono.

Alhamisi, 20 Aprili

Pigo la mtaimbo linasikika mpaka hapa. Pigo. Kimya kirefu. Pigo.

Baba hakupanda mchangani leo. Alhamisi ya kwanza kukosa.

Ijumaa, 21 Aprili

Mwezi umeandama! Watoto wameuona kwanza, juu ya paa la shule, mwembamba kama ukucha. Alhamdulillahi kwa mwezi wote huu, kwa tende, kwa maji baridi ya mtungi, kwa Baba Roshni aliyeshuka basi la jioni na vilemba viwili vipya na homa ya furaha. Kesho Idi.

Na saruji imekwisha. Habari imeletwa na Durjan mwenyewe, hadi mwanzo wa mtaa wetu, kwa miguu kama mama yake. Mama kaiondoa yote, umebaki udongo. Hajaugusa. Anangoja wazee.

Baba Roshni haelewi kwa nini sicheki. Namwambia ni uchovu wa funga.

Nilipokuwa nachagua mitandio — wa Roshni wa mawimbi mekundu na njano, wangu ule wa vidoti nilioolewa nao — nikasikia sanduku linafunguliwa barazani. Nikachungulia. Mzee kakaa na zeze mapajani. Kafungua nyuzi anazotumia siku zote, kaziweka kando. Kisha katoa zile. Nyeusi kwa mafuta, nene, za baba yake. Zile ambazo dunia nzima inajua ziko chini ya lango.

Akazifunga moja moja. Ya kwanza ikakatika. Zilizobaki mbili zikashika. Akavuta uta mara moja, taratibu. Sauti ile! Nzito, kavu kidogo, ya mtu aliyenyamaza muda mrefu. Baba Roshni katoka ndani kauliza, Baba, nyuzi gani hizo? Mzee kamwambia: "Za zamani."

Mume wangu karudi ndani kwa furaha, anasema mzee kaipamba kamaicha kwa ajili ya harusi. Mimi nimekaa na mitandio. Mtu hawezi kwenda na nyuzi zile kwenye lango lile akatumaini hakuna atakayeuliza. Au ndiyo anataka waulize?

Jumamosi, 22 Aprili — Idi, na Akha Teej

Naandika hapa hapa barabarani, nyuma ya trela, daftari gotini. Roshni ananivuta: Mama, unaandika nini saa hizi? Mwache mama yako. Nikisubiri jioni nitapasuka.

Tambi tumekula, mikono tumepeana, sala imeswaliwa. Wametukuta watu wa Durjan njiani na masinia ya bokoboko la uwele la Akha Teej yao, nasi tukawapa tambi zetu, tukala tumesimama. Kila kilemba ni kipya, nyekundu, kijani, rangi ya embe bivu. Sisi wanawake tumewekwa kwenye kivuli cha trela. Wazee wamekaa mkekani mbele ya lango, upande wa barabara. Mzee Sumar katikati. Baba pembeni, zeze kalifunika kwa shali. Kule juu ya paa Nakhat kakaa na hina mpaka viwikoni, hashuki, hali, anatazama shimo. Msafara wa bwana harusi unafika magharibi.

Ma-sa kapiga magoti. Mwanamke wa nyumba ile, magoti, mbele ya waimbaji! Anachimba kwa vidole. Udongo unarundikana. Mkono umeingia mpaka kiwiko.

Umesimama.

Amekipata. Kipande cha kitambaa, hakina rangi tena, kimemvunjikia mkononi. Nimemwona anapapasa kwa kidole gumba. Anapapasa tena. Mama yule amesikia zeze letu kila asubuhi tangu alipoingia nyumba ile bibi harusi, utumbo na chuma anavijua gizani. Ameinua macho. Amemtazama Baba, muda wa pumzi moja tu.

Amefumba ngumi.

"Zimeoza," amesema. "Nimekuta udongo."

Mzee Sumar: "Tuone huo udongo, Hukam."

"Udongo ni udongo, mzee."

"Sheria—"

"Sheria ilitaka mkono uchafuke." Amenyoosha ngumi mbele ya mkeka. Matope, damu, ukucha mmoja hakuna. "Haujachafuka?"

Mzee Sumar ametazama ngumi ile. Ndevu zinamcheza. Amecheka! Amecheka kweli, na mimi sikulazimika kumsindikiza. Amegeukia wenzake, wote wanatikisa vichwa kukubali. Baba Roshni ameshavuta dholak, ngoma yake, anaipiga. Roshni kanikumbatia, shangazi mmoja keshapiga kigelegele. Imekwisha! Ee Mungu, imekwisha, ametuokoa, kwa ngumi moja amewaokoa binti wawili, na mimi nilikuwa sijamwambia neno—

Baba amesimama.

Hajaitwa na mtu. Ameiondoa shali juu ya zeze. Nyuzi mbili nyeusi, kila mtu anaziona. Dholak imenyamaza. Mzee Sumar anatazama zeze, anatazama ngumi, anatazama zeze.

Ma-sa anatikisa kichwa. Hapana, hapana. Ngumi ameificha kifuani.

"Fungua mkono, dada yangu," Baba amemwambia. Dada! "Walale njaa watoto wa watu, nami nifukiwe kwa heshima? Fungua. Wanione."

Roshni ananikaba mkono wa kuandikia. Ma-sa analia, na kidole cha kwanza kimeanza kuachia